Dawa za nyongeza kwenye ganzi ya mkono: maswali tunayoulizwa kila siku

Maswali haya nimeyaokota wodini na kwenye kliniki ya mifupa hapa Kisumu. Yanatoka kwa vijana wa boda waliovunjika mkono, wakata miwa wa upande wa Muhoroni waliojikata kwa panga, akina mama walioteleza kwenye matope ya Aprili, na jamaa zao, ambao mara nyingi huuliza kuliko mgonjwa mwenyewe. Kazi yangu ni dawa za usingizi na ganzi. Majibu yatakusaidia kuelewa unachofanyiwa na kujua cha kuuliza. Kipimo chako wewe kitaamuliwa na yule atakayekupima uso kwa uso.

## Mambo ya mwanzo

1. Ganzi ya mkono ni nini, na ina tofauti gani na nusu kaputi?

Neva zinazoupa mkono hisia na nguvu hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni, hupita chini ya mtulinga (ule mfupa wa kati ya shingo na bega), huingia kwapani, kisha hugawanyika hadi vidoleni. Kuna mahali zimekaa pamoja kama nyuzi za kamba moja. Dawa ya ganzi ikimwagwa kuzizunguka hapo, mkono hunyamaza: hausikii kisu, na kwa kawaida hauinuki pia. Nusu kaputi hulaza ubongo, ganzi hulaza mkono. Ndiyo maana unaweza kupasuliwa huku unaongea na nesi. Unaweza pia kulazwa usingizi kabisa na bado ukapewa ganzi kwa ajili ya maumivu ya baadaye.

Mahali pa kudunga hutegemea palipoumia: kando ya shingo kwa bega, juu au chini ya mtulinga kwa kiwiko na kigasha (sehemu ya kati ya kiwiko na kiganja), kwapani kwa kiganja. Penye mashine ya ultrasaundi tunaiona neva na ncha ya sindano kwenye skrini.

2. Kama ganzi inafanya kazi, mbona mnaongeza dawa nyingine juu yake?

Kwa sababu ganzi huisha, na mfupa uliowekewa vyuma bado una moto. Maumivu makali zaidi ni ya siku ya kwanza hadi ya pili, na ganzi peke yake haifiki huko.

Wengi huuliza kwa nini tusiongeze tu ganzi yenyewe. Haiwezekani, kwa kuwa ina mpaka. Bupivakeini, ambayo ndiyo tunayoitegemea kwa muda mrefu, haipaswi kuvuka takriban miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wako. Ikizidi na kuingia kwenye damu hushtua ubongo na moyo (tazama swali la 9). Kwa hiyo tunatafuta kitu kingine, kidogo, kitakachofanya kipimo kilekile kidumu.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1903 daktari Mjerumani Heinrich Braun alikuwa tayari ameeleza jinsi ya kuchanganya adrenalini na dawa ya ganzi ili damu isiibebe upesi, na adrenalini bado tunaitumia kwa sababu hiyohiyo.

3. Itadumu saa ngapi?

Lignokeini, dawa ya ganzi ya muda mfupi, ikiwa na adrenalini hukupa saa 2 hadi 4. Bupivakeini bila nyongeza huzuia maumivu kwa saa 6 hadi 12, na wachache hupita hapo. Ukiongeza deksamethasoni, moja ya dawa za steroidi (tazama swali la 4), watu wengi hupata saa 6 hivi za ziada, wengine 8.

Usiziangalie saa hizo kwenye karatasi tu, zipeleke kwenye saa ya ukutani. Chukua mtu aliyedungwa bupivakeini saa nane mchana. Bila nyongeza, ganzi yake huenda ikaachia kati ya saa sita na saa nane usiku, wakati wodi imezimwa taa na nesi mmoja ana wagonjwa wengi, au wakati yuko nyumbani na duka la dawa limefungwa. Akiongezewa deksamethasoni, huenda ikaachia kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Atakuwa ameshalala, kumekucha, uji uko mezani na dawa zake ziko karibu. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida yenyewe. Hatushindani kuipata ganzi ndefu kuliko zote, tunataka kuuvuka usiku wa kwanza. Ndiyo maana aliyedungwa saa mbili asubuhi na yule wa saa kumi jioni si lazima wapewe mpango mmoja.

## Dawa zenyewe

4. Ni dawa zipi hasa huongezwa?

*Adrenalini* hubana mishipa midogo ya damu ili dawa ya ganzi ikae mahali pake. Kwa kawaida ni mikrogramu 5 kwa kila mililita. Lignokeini huifaidi sana, bupivakeini kidogo tu. Ina kazi nyingine ambayo mgonjwa haioni: sindano ikiwa imeingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya, mapigo ya moyo hupanda ghafla, nasi tunasimama mara moja.

*Deksamethasoni* ndiyo ninayoichagua mara nyingi. Ni rahisi, inapatikana hata kwenye hospitali za kaunti ndogo, na muda inaoongeza ni mrefu. Miligramu 4 hutosha wengi. Wengine hutoa 8.

*Klonidini* na *deksmedetomidini* ni ndugu. Ya kwanza ilianza kama dawa ya presha, ya pili hutumiwa kuwatuliza wagonjwa wa chumba cha wagonjwa mahututi. Klonidini huongeza saa 2 hivi, deksmedetomidini huongeza takriban 4 na huifanya ganzi ishike mapema. Bei yake ni kwamba zote mbili huteremsha presha, hupunguza mapigo ya moyo na huleta usingizi. Nazitaka tu mahali ambapo mgonjwa ataangaliwa kwa mashine hadi azinduke vizuri.

*Buprenofini* ni ya jamii ya mofini. Huongeza muda, lakini pamoja nao huja kichefuchefu, kutapika na kuwashwa ngozi. Mgonjwa anayetapika usiku kucha hatakushukuru kwamba mkono haumuumi.

*Magnesiamu*, ileile wanayodungwa akina mama wenye kifafa cha mimba, huongeza muda kiasi. *Bikaboneti ya sodiamu* haiongezi muda, huharakisha tu lignokeini kushika.

5. Deksamethasoni si ndiyo ile ya Corona? Haitanivimbisha uso?

Ndiyo hiyohiyo. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa wa Corona waliohitaji oksijeni, ndipo jina likaenea. Kabla ya hapo akina mama waliotazamiwa kujifungua kabla ya wakati walikuwa wakidungwa ili mapafu ya mtoto yakomae.

Uso kuvimba, mifupa kudhoofika na mengine unayoyasikia hutokana na kuitumia kwa wiki na miezi. Sindano moja siku ya upasuaji haifanyi hivyo. Tena huzuia kutapika baada ya upasuaji. Wanaohitaji uangalifu ni wenye kisukari (swali la 14) na wenye selimundu, yaani siko seli (swali la 15).

6. Deksamethasoni huchanganywa na ganzi au hupitishwa kwenye dripu?

Njia zote mbili zipo, na hapa wataalamu hubishana kwa haki. Ikimwagwa pamoja na ganzi kando ya neva, huongeza muda zaidi kidogo. Ikipitishwa kwenye dripu, sehemu kubwa ya faida hiyo bado unaipata. Mimi huanza na dripu. Sioni sababu ya kuweka kando ya neva kitu kinachofanya kazi karibu sawa kikiwa mbali nayo, hasa pale chupa iliyopo ina kemikali ya kuhifadhi dawa ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya neva. Wenzangu wanaochagua kuichanganya hawakosei. Wanapima kwa namna nyingine.

Ninawaomba wote wakumbuke mambo mawili. Deksamethasoni isichanganywe na ropivakeini, dawa nyingine ya ganzi, ndani ya sindano moja, kwa kuwa hugeuka chembechembe kama sukari iliyogoma kuyeyuka. Na kwenye dripu isisukumwe haraka mgonjwa akiwa macho. Huleta mwasho mkali sehemu za siri kwa dakika moja hivi, na mgonjwa asiyeambiwa hushtuka na kuona aibu kusema. Ikikutokea, ujue unapita. Sukuma polepole, au ngoja mgonjwa alale.

7. Kuna dawa ambazo hazifai kuongezwa?

Ndiyo. Ketamini kando ya neva haiongezi chochote cha maana, ila huleta njozi na kuweweseka. Midazolamu ilionyesha dalili za kudhuru neva kwenye maabara, kwa hiyo siiweki hapo kamwe. Fentanili na mofini hazina faida kubwa kwa neva za mkono, ni afadhali zipitie kwingine. Tramadoli imeleta matokeo yanayopingana. Na kuchanganya nyongeza tatu nne katika sindano moja ni kujipa kazi ya kukisia ni ipi iliyoleta shida.

8. Je, dawa hizi zimeidhinishwa kwa kazi hii?

Nyingi hazikuandikishwa na watengenezaji kwa ajili ya kumwagwa kando ya neva. Zimeandikishwa kwa kazi nyingine, na matumizi haya yamejengwa juu ya tafiti na uzoefu wa madaktari. Hilo si kosa, lakini mgonjwa ana haki ya kulijua. Uliza kabla ya kutia sahihi: "Mtaongeza nini, kiasi gani, na kwa njia gani?" Akuulizie swali hili hata mwanao kama wewe umelemewa na maumivu.

9. Hatari kubwa ni ipi?

Ya kwanza ni dawa ya ganzi kuingia kwa wingi kwenye damu. Huanza kwa ganzi midomoni, ladha ya chuma, masikio kuvuma, mtu kuzungumza ovyo, kisha degedege, na moyo unaweza kusimama. Ukiwa mezani na ukahisi lolote kati ya haya, sema papo hapo, usione haya. Tiba yake pamoja na kusaidia pumzi ni mafuta maalumu ya kwenye mshipa ya asilimia 20, na chumba chochote kinachotoa ganzi ya namna hii kinafaa kuwa nayo mkononi.

Ya pili ni neva kuumia. Mchonyoto au ganzi ndogo inayokaa siku au wiki kadhaa hutokea, na mingi huisha yenyewe. Madhara ya kudumu huwapata wachache sana, watu wa kuhesabika katika kila 10,000. Sindano ya juu ya mtulinga pia hupita karibu na pafu. Maumivu ya kifua au pumzi kukata baada ya ganzi si ya kusubiri kesho.

## Usiku wa kwanza

10. Mkono hauniumi. Kwa nini nimeze dawa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mtu atoke nalo hospitalini, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi huteseka bure. Mgonjwa anatoka thieta anacheka. Anaupiga mkono makofi kuwaonyesha jamaa: "Huu si wangu." Vidonge vinabaki kwenye karatasi ya kaki, kwani anajiambia atavimeza akisikia maumivu. Ganzi ikiachia haibishi hodi. Ndani ya saa moja mtu anatoka kwenye kutosikia chochote hadi kulia, na kidonge anachomeza wakati huo kinahitaji nusu saa au zaidi kuanza kazi. Maumivu yamekwisha kumtangulia.

Kwa hiyo anza kumeza mkono ukiwa bado umelala, na umeze kwa saa. Mtu mzima mwenye kilo zaidi ya 50 na ini zima humeza parasetamoli gramu 1 kila saa 6, asizidishe gramu 4 kwa siku. Kama daktari ameongeza ibuprofeni au diklofenaki, imeze ukiwa umekula, ila kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo au ujauzito, mwambie kwanza (na tazama swali la 16). Kama umepewa dawa kali ya akiba, kidonge cha kwanza ni kile cha kabla ya kulala. Weka kengele ya simu usiku. Mkononi mwa mgonjwa au kwenye karatasi yake mimi huandika saa aliyodungwa na saa ninayotazamia ganzi iachie, ili nyumbani wasikisie.

Dawa ya nyongeza haifuti haja ya vidonge. Inasogeza tu saa ya kuvihitaji.

11. Mkono unaning'inia kama wa mtu mwingine. Niutunze vipi?

Ufunge kwenye kitambaa shingoni, na uweke juu ya mto unapolala, kiganja kikiwa juu kuliko kiwiko. Usiulalie. Chunguza kwa macho kila mara vidole viko wapi, kwa kuwa mkono wenyewe hautakuambia.

Moto ndio adui mkubwa. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, tulimtoa mama muuza samaki jioni ileile na ganzi yenye nyongeza. Nyumbani akakaa karibu na jiko kukaanga kwa mkono mmoja, ule mwingine ukapumzika ukingoni mwa karai. Aliinusa nguo ikiungua kabla hajajua ni yeye. Kidonda alikisikia asubuhi. Sisi tulikuwa tumemwambia asilowanishe bandeji, basi. Tangu hapo siongezi muda wa ganzi ya mtu bila kumuuliza nani atapika usiku huo.

12. Naweza kwenda nyumbani nikiwa bado na ganzi?

Mara nyingi ndiyo, ukiwa na mtu mzima wa kukusindikiza na njia ya kurudi haraka. Anayekaa Nyalenda, hapa mjini, si sawa na anayerudi kijijini Siaya, usiku, kwa boda, mvua ikinyesha. Kwa huyo wa pili ni heri alale wodini au kwa jamaa mjini. Usipande boda ukiwa na mkono uliolala, huwezi kushika wala kujikinga ukianguka. Na usiendeshe chochote.

13. Vidole vinawasha na kuchonyota. Na je, ganzi isipoisha?

Kuchonyota ndiyo ganzi inaondoka, na ni ishara ya kumeza vidonge kama hukuanza. Kama kulikuwa na nyongeza, ipe saa 24. Ikifika saa 36 na mkono bado haujitikisi hata kidogo, rudi uonekane. Ikiwa ulipata hisia kisha zikapotea tena, usingoje saa yoyote: huenda plasta inabana au kuna uvimbe unaokandamiza neva.

## Hali za pekee

14. Nina kisukari.

Deksamethasoni hupandisha sukari, hasa ndani ya saa 24 za kwanza, kisha hushuka. Kama sukari yako hutulia, kipimo kidogo hutumika na tunaipima mara nyingi zaidi siku hiyo. Kama ilikuwa juu tangu asubuhi, naiacha, kwa kuwa kidonda cha upasuaji hakipendi sukari. Mwambie pia mtaalamu kama miguu yako ina ganzi ya siku zote, maana neva zilizokwisha kuguswa na kisukari hulala muda mrefu zaidi.

15. Mtoto wetu ana selimundu.

Huku kando ya ziwa na magharibi selimundu, siko seli kama wengi wanavyosema, iko katika nyumba nyingi. Itaje mapema, hata kama hakuna aliyekuuliza. Ganzi ya mkono yenyewe ni msaada mkubwa kwa mgonjwa huyu. Tahadhari ni mbili: steroidi zimehusishwa na kurudi kwa maumivu ya selimundu baada ya kuisha nguvu, kwa hiyo deksamethasoni haitolewi kwa mazoea. Na ule mkanda wa kubana damu wakati wa upasuaji unahitaji uamuzi wa daktari mpasuaji na wa ganzi kwa pamoja.

16. Natumia ARV.

Endelea kuzimeza, usiruke hata siku ya upasuaji. Ganzi na dozi moja ya nyongeza hazina ugomvi mkubwa nazo. Tatizo liko kwenye vidonge vya baadaye: diklofenaki na ibuprofeni zikikutana na tenofoviri, mojawapo ya ARV, zinaweza kuumiza figo. Kama hutaki jamaa wasikie, omba kuongea na daktari faraghani.

17. Nina presha, au moyo wangu hupiga polepole.

Basi klonidini na deksmedetomidini si zako, au zitolewe kwa uangalifu mkubwa. Beba vidonge vyako vyote, na pakiti zake, tuvione. Miraa, chang'aa na dawa za mitishamba pia zitaje. Tunauliza ili tupime dawa, hatuhukumu mtu.

18. Sauti imekauka, kope moja imelegea, napumua juu juu.

Ukiwa umedungwa kando ya shingo, dawa hugusa neva za jirani. Sauti na kope hurudi ganzi ikiisha, na nyongeza inamaanisha utasubiri zaidi. Nusu ya kiwambo cha kupumulia nayo hulala. Mwenye mapafu mazima hahisi sana. Aliyewahi kuugua kifua kikuu kilichoacha makovu, au mwenye pumu mbaya, anaweza kutaabika, nami humchagulia sindano ya chini zaidi. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, hiyo ni dharura.

19. Mtoto ameanguka mwembeni akavunjika juu ya kiwiko. Apewe ganzi ndefu?

Hapa mara nyingi nasema hapana, na wazazi hunishangaa. Mfupa ukivunjika pale, uvimbe unaweza kubana damu ndani ya misuli ya kigasha hadi misuli ife ndani ya saa chache. Onyo lake la kwanza ni maumivu yanayozidi kiasi. Mkono uliolazwa hadi kesho asubuhi unaweza kulificha onyo hilo. Vivyo hivyo kwa mtu mzima ambaye kigasha chake kimepondwa na mashine.

Kwa watoto hawa tunazungumza kwanza na daktari wa mifupa. Akikubali ganzi, iwe nyepesi na fupi, bila nyongeza, na mtoto alazwe. Wewe mzazi kaa na mkono ule. Kila saa gusa vidole: vina joto? Vibonyeze kucha: rangi inarudi? Vinyooshe taratibu. Akipiga kelele vikinyooshwa, au kigasha kimekuwa kigumu kama ubao, mwite nesi na uombe plasta ifunguliwe sasa hivi, hata kama ni saa tisa usiku.